Risala ya Watu wa Kazi wa Diani Kuhusu Usafiri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa wawakilishi wa wadi, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Sisi wahudumu wa mahoteli, madereva wa tuktuk, wavuvi na wauza vinyago wa Diani tunakukaribisha Kwale. Umefika upesi kwa sababu umepitia barabara ya Dongo Kundu. Daraja lake la Mteza limemwondolea mgeni adha ya kungoja feri Likoni, na kwa hilo tunaishukuru serikali bila kinyongo. Pwani hii ilizika watu zaidi ya 270 feri ya Mtongwe ilipozama mwaka 1994. Thamani ya daraja hatuhitaji kufundishwa.

Lakini barabara ile imempendelea mwenye gari. Mkenya wa kawaida anayeshuka treni Miritini na watoto na mabegi, akikosa pesa za teksi, hupanda matatu hadi kivukoni, akavuka kwa feri, akapanda matatu nyingine hadi Ukunda, kisha tuktuk. Vyombo vinne, na treni hatujaihesabu! Tunataka mabasi ya umma yapitie Dongo Kundu moja kwa moja, yafuate ratiba ya treni, na nauli ibandikwe kituoni.

Lililo zito zaidi ni la usiku. Mpishi anamaliza zamu karibu saa sita. Matatu zimekwisha, na bodaboda anataja bei aipendayo. Anayeamua kutembea hupita ukingoni mwa lami, gizani. Mbega wa Diani wametundikiwa madaraja ya kamba juu ya barabara ya Diani wasigongwe na magari, nasi, tusifiche, tunawaonea wivu. Tunadai njia ya miguu na baiskeli, yenye taa, hadi ufuo wa Galu. Tunadai pia kila hoteli inayoomba leseni ieleze kwanza itawafikishaje makwao wafanyakazi wa zamu ya usiku.

Madereva wa tuktuk nao hawakatai kuhamia za umeme. Wengine bado wanalipia mkopo wa hizi za petroli, basi wapewe muda, mkopo nafuu na mahali pa kuchaji.

Na vichochoro vya kushukia ufuoni vibaki wazi. Basi litatufaa nini tukishuka tukakuta ukuta?

Mheshimiwa, tunaomba mabasi na njia ya miguu viingizwe katika bajeti ijayo, na utujibu kwa maandishi kabla ya msimu wa Desemba.