MITAMBO YA VYUO YATAKA WENYEWE

Kila mwaka vyuo vyetu hupokea kompyuta mpya. Makasha hufunguliwa, hotuba hutolewa, makofi hupigwa, na wageni wa heshima huondoka. Lakini liko swali ambalo hotuba hizo hazilijibu: ni nani atakayeitunza mitambo hiyo, ni nani atakayemwongoza mtunzaji huyo, na ni nani atakayeshika mahali pake siku atakapoondoka? Twaliuliza leo kwa niaba ya wafanyakazi na wakulima, kwani hao ndio walipaji wa mwisho wa kila kasha.

Wala swali hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha, na baadaye ikafuatwa na nyingine kubwa zaidi, ili hesabu za Serikali zipate kufanywa kwa mashine. Kazi hiyo ilitegemea mno wataalamu wa kigeni. Wananchi waliojua undani wake walikuwa wachache. Hesabu zilivurugika, ikabidi kurudia njia za zamani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na seti za televisheni. Ni kweli kwamba katika mwaka huo fedha za kigeni zilikuwa haba, maana bei ya mafuta ilikuwa imepanda na ukame ulikuwa umetupiga. Hata hivyo haba ile isingeyatosha maelezo yote. Mashine zilitangulia, watu hawakuandaliwa. Na aliyeitegemea akili ya kuazima akajikuta hana chake siku mwenyewe alipoondoka.

Sasa na tutazame upande wa pili wa mizani, yaani Kibaha, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi za Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi zilianzisha pamoja na Serikali yetu mradi wa shule, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa Tanzania, na Shirika la Elimu Kibaha likaushika. Zaidi ya nusu karne imepita na Shirika lipo, na majengo yana wanafunzi. Neno la maana katika habari hii ni kukabidhi. Hakabidhi mtu ila yupo wa kupokea. Lazima wawepo walimu, waganga, mabwana shamba na makarani wenye kuijua kazi. Pasipo hao, makabidhiano huwa ni kuachiana funguo za nyumba tupu.

Kisarawe nayo ina fundisho lake, tena la zamani zaidi. Mwaka 1925 chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishwa kutoka Kiungani, Unguja, kikaletwa Minaki. Waanzilishi wake walikuwa na nia zao, nasi hatuna haja ya kuzijadili hapa. Lakini jambo moja walilijua vema: shule haiwezi kuishi kwa kuagiza walimu ng'ambo siku zote. Kwa hiyo chuo kilifunza walimu, na aliyekuwa mwanafunzi jana akawa mfundishaji kesho. Ngazi ilikuwapo, na kila aliyesimama chini aliweza kuiona.

Twauliza basi: fundi wa mtandao katika chuo cha leo anaiona ngazi gani? Mhadhiri anayo yake. Akitafiti na kuandika, hupanda kutoka daraja hadi daraja, hata akaitwa profesa. Fundi hahesabiwi kwa maandishi. Kazi yake ikiwa njema haionekani, kwani mtandao usiokatika hauna mtu wa kuusifu; ukikatika kwa saa moja, jina lake latajwa na kila mtu. Huitwa wakati wa msiba tu, kama mchimba kaburi. Huambiwa juu ya mitambo mipya baada ya kununuliwa, ilhali yeye ndiye aliyepaswa kuulizwa kabla. Benki au kampuni ya simu ikimwita kwa mshahara mkubwa zaidi, twashangaa nini akienda?

Na aendapo huenda na chuo mfukoni. Katika chuo kidogo mara nyingi mtu huyu ni mmoja peke yake. Nywila zote zi kichwani mwake; ramani ya nyaya haijaandikwa popote; nakala za akiba anajua yeye zilipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe ni alama za wanafunzi, ada za wazazi na mishahara ya wafanyakazi. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hiyo haiwezi kutimizwa na chuo kisichojua ni nani mwenye ufunguo wa sanduku lake.

Jambo hili lina haraka kwa sababu fedha nyingi zinapita sasa. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Kimarekani milioni 425 kwa mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi. Majengo yanajengwa, mitambo inanunuliwa, wahadhiri wanasomeshwa. Ni vema. Lakini fedha hizo ni mkopo, na mkopo hulipwa kwa jasho. Seva iliyokufa baada ya miaka minne italipiwa kwa miaka mingi baada ya kifo chake. Kila mkuu wa chuo na afunue hesabu zake aone: katika kila shilingi mia ya mitambo, ni ngapi zimewekwa kwa kumfunza mtu atakayeitunza?

Wako wasemao, "Tukiwasomesha watatukimbia." Hoja hii ina ukweli ndani yake, wala hatuidharau. Baadhi watakwenda. Lakini asiyesomeshwa naye akabaki, je, gharama yake ni ndogo? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota nchini mwetu na kwa jirani zetu. Fundi wa chuo hana uwezo wa kuzamia baharini. Lakini fundi aliyefunzwa huweka vitabu na masomo katika seva ya chuo chenyewe, hata waya wa baharini ukikatika mwanafunzi aendelee kusoma. Asiyefunzwa hukaa akingoja pamoja na wengine. Dawa ya kukimbiwa ni kumwandaa wa pili na wa tatu kabla wa kwanza hajaondoka.

Jirani zetu wamekwisha kuonyesha njia. Vyuo vya Kenya viliunda mtandao wao wa pamoja, KENET, mwaka 1999, navyo hugawana nyaya na ujuzi. Tangu mwaka 2000 mafundi wa mitandao wa Afrika hukutana katika mafunzo ya AfNOG, ambamo fundi humfunza fundi mwenziwe. Hawakungoja kila chuo kiwe tajiri kwanza.

Kwa hiyo twashauri mambo manne. Kwanza, mkuu wa kitengo cha kompyuta aketi katika baraza linaloamua manunuzi. Pili, iwekwe ngazi ya vyeo ya mafundi, yenye mitihani na vyeti, ipandwe kwa kazi iliyoonekana. Tatu, pasiwe na kazi ijulikanayo na mtu mmoja: kila jambo liandikwe, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kila mmoja awe na msaidizi wake, hata kama msaidizi huyo ni mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo. Nne, vyuo vidogo vishirikiane. Kibaha na Kisarawe kila moja ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Zote zi katika Mkoa wa Pwani. Ikiwa chuo kimoja hakiwezi kumwajiri fundi wa usalama wa mitandao, vyuo kadhaa vya mkoa haviwezi kumwajiri kwa pamoja?

Limebaki la uongozi wenyewe. Fundi hodari kuliko wote si lazima awe kiongozi bora, na huenda akawa mbaya kabisa akiuficha ujuzi ili aogopwe. Ibara ya 15 ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ilimkataza kiongozi kiburi, dharau na uonevu. Haikusema kwamba inawahusu mawaziri peke yao. Inamhusu mkuu wa chuo amwitaye fundi kama tarishi, na inamhusu mkuu wa mafundi amnyimaye kijana nafasi ya kugusa mtambo asije akaharibu. Kibaha ipo Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa Februari 2022. Uongozi, basi, wahesabiwa kuwa jambo la kufundishwa, wala hatuoni sababu ya kumwacha nje ya fundisho hilo mtu anayeongoza mafundi watano katika chumba cha seva.

Ndugu zetu mlio vyuoni, msingoje waraka. Juma hili hili kaeni pamoja, mkuu na mafundi wake, mwandike nani anajua nini, na nani atakijua baada yake. Karatasi hiyo haina gharama. Chuo kitakachoshindwa kuijaza kitakuwa kimekwisha kuona ufa wake. Na usipoziba ufa, utajenga ukuta.