Mwali wa Japani asipelekwe na sanduku peke yake



Mfungo mosi ukiingia tu, simu zetu huanza kulia. Kuna mama ana binti anaolewa, bwana harusi yuko Japani, anasoma au anauza magari, na mwali atamfuata mara karatasi zikitoka. Tunaulizwa yale yale kila mwaka. Baridi ikoje? Abebe makoti mangapi? Kanga doti ngapi? Nyama ya kuchinjwa inapatikana? Udi unaruhusiwa?

Tunajibu. Baridi ipo. Nyama ipo, siku hizi unaagiza unaletewa mpaka mlangoni. Udi choma, ila fungua dirisha, maana darini kuna king'ora cha moshi na kikilia jengo zima litajua kuna bibi harusi. Lakini sisi wanawake wachache wa Kiswahili tunaoishi Saitama, kaskazini ya Tokyo, tuna neno ambalo mama hatuulizi, na kila tukikata simu tunatazamana. Binti anapewa kila kitu isipokuwa watu.

Kwetu mwanamke akizaa hana hata nafasi ya kuhuzunika peke yake. Yupo mama, yupo shangazi, yupo mkunga anayekuja kumkanda, uji wa pilipili manga unaletwa bila kuombwa, mtoto anachukuliwa mkononi ili mzazi alale. Anakaa arobaini yake. Wengine hulalamika kuwa watu wamezidi. Na sisi tulilalamika. Sasa tunajua yale makelele yalikuwa dawa.

Japani ni vyumba viwili na jiko. Mume anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa tatu usiku. Majirani si wabaya, wallahi si wabaya. Wanainama, wanasalimu, wanapita, kwa sababu kwao kumsumbua mtu ni aibu kubwa, na kukugongea mlango ni kukusumbua. Unaweza kukaa wiki nzima usisikie sauti ya mwanamke mwingine ila ya mashine ya dukani.

Mwenzetu mmoja, hatutamtaja wala kisiwa chake, alijifungua mwezi wa Februari. Hospitali ilimtunza vizuri siku tano, akarudi nyumbani. Mume alipewa ruhusa ya siku mbili, kisha akarudi kwenye yadi ya magari. Saa tatu ya asubuhi mtoto analia, naye analia, na huko Unguja ni saa tisa ya usiku, mama yake amelala. Anangoja mpaka saa saba mchana ndipo kwao kukuche. Kabla ya kupiga simu ya video anapaka wanja, anatengeneza mtandio, anacheka. Mama anaona mjukuu mnene na mwanawe anacheka, anashukuru Mungu.

Wiki ya tatu aliacha kupika. Wiki ya tano akaacha kula. Alimwambia dada yake kwamba hajihisi yeye, akaambiwa azidishe kusoma, awe na subira, wenzake wanaitamani hiyo Japani.

Huku manispaa hupeleka muuguzi au mkunga katika kila nyumba yenye mtoto mchanga, kabla mtoto hajatimiza miezi minne. Kwake alikuja, na karatasi ya maswali kumi kuhusu hali ya moyo wa mama. Mume ndiye aliyetafsiri. Swali la kumi linauliza kama mama amepata kufikiria kujidhuru. Mume hakulitafsiri. Aliona haya au aliogopa, Mungu ndiye ajuaye. Alijibu mwenyewe kwamba mkewe hana neno, muuguzi akainama, akaenda zake.

Aliyegundua ni Mindonesia wa ghorofa ya chini. Huku kila mtu huanika nguo na magodoro barazani kwake ghorofani, na yule mama aliona siku nne hakujaanikwa hata nepi. Akapanda na bakuli la uji wa mchele. Hawakuwa na lugha moja, walikuwa na Kijapani cha kuokoteza na salamu ya Kiislamu, ikatosha. Siku ya pili akampeleka manispaa, muuguzi akaitwa tena, safari hii na mkalimani mwanamke kwa simu. Swali la kumi likaulizwa upya. Jibu lake halikuwa "hapana".

Alitibiwa, alhamdulillah, na leo mtoto anakwenda chekechea na anamsahihisha mamake Kijapani. Sisi wenyewe tulikuwa mwendo wa treni mbili kutoka kwake, na hatukujua kuwa yupo. Hilo ndilo linalotuuma mpaka leo, na ndilo lililotufanya tuandike.

Tunajua tutakachoambiwa, kwa sababu tulishaambiwa. Mwanamke hatoi siri ya nyumba yake. Somo alitufundisha hivyo siku saba za fungate, na yale aliyotufundisha tunayaheshimu. Kitanda cha mume hakizungumzwi, upungufu wa mume hautangazwi. Sawa. Lakini kuna sitara na kuna kufukiwa. Mwanamke asiyelala, asiyekula, aliyenyimwa matumizi au anayepigwa, akisema kwa anayeweza kumsaidia, hajamvua mtu nguo.

Hind bint Utba alimwendea Mtume (S.A.W.) kueleza kwamba Abu Sufyan ni bahili, hampi cha kumtosha yeye na wanawe. Hakuambiwa akakae na siri yake. Aliruhusiwa achukue cha kuwatosha, kwa wema. Na Bi Khawla bint Tha'laba alikwenda kumlalamikia mumewe, na malalamiko yake yakasikika juu ya mbingu saba. Sura ya 58, Al-Mujadila, imepata jina kwa mwanamke huyo aliyejadiliana. Kama yeye alisikilizwa, sisi ni nani hata tumwambie mwali anyamaze?

Kwa hiyo, mama zetu, pamoja na makoti, mpeni binti maneno haya.

Kadi ya ukaazi anayopewa uwanja wa ndege ina jina lake na picha yake. Sheria inamtaka mtu mzima mgeni atembee nayo wakati wote. Haikai kwenye mkoba wa mume, haikai kwenye kabati lenye ufunguo wa mume. Anayemshikia mkewe kadi hamlindi.

Akipata mimba, aende ofisi ya manispaa, wenyewe wanaiita shiyakusho, atapewa bure boshi techo, daftari la mama na mtoto. Yapo ya lugha nyingi, na pamoja nalo hutoka vyeti vya kupunguziwa gharama za kupima. Akiwa na bima ya afya, matibabu ya kawaida analipa asilimia 30 tu, na kwa uzazi bima hutoa yeni 500,000, tangu Aprili 2023. Mtoto aandikishwe ndani ya siku 14, na maombi ya ukaazi wake yapelekwe ndani ya siku 30. Tumeona wanaume wema wakisahau hili kwa uchovu tu, na mtoto akawa na matatizo ya karatasi kabla hajaota jino.

Mkalimani wake hospitali asiwe mume. Hata mume awe malaika. Yapo maswali ambayo mwanamke hawezi kuyajibu kupitia kinywa cha mumewe, na yapo ambayo mume hawezi kuyatamka. Aombe mwanamke. Mara nyingi ofisi wana mkalimani wa simu, ila hawatoi kama hukuomba, kwa sababu ile ile ya kutotaka kukusumbua.

Na ikifika mahali pabaya, polisi ni 110, gari la wagonjwa 119, na simu ya wanaodhulumiwa majumbani ni #8008. Japani ina sheria ya kuzuia ukatili wa mume na mke tangu 2001, na sheria hiyo haichagui uraia. Kuna wanaume wanaowatisha wake zao kwamba wakifungua mdomo watapandishwa ndege usiku huo huo. Kwenda kuomba msaada hakukufutii viza.

Tuje kwenye kazi, maana tunajua wengi mnangoja hapo. Mke aliyekuja kwa viza ya kumfuata mumewe anaweza kuomba uhamiaji ruhusa ya kufanya kazi mpaka saa 28 kwa wiki. Aombe kabla hajapokea hata yeni moja. Ruhusa hiyo ya kawaida ni ya kuajiriwa. Anayetaka kujiajiri na cherehani yake kama sisi, aulize kwanza, kuna utaratibu wake. Kazi zinazopatikana kwa asiyejua lugha ni kusafisha mahoteli na viwanda vya kupakia chakula, na huko kwenye chakula aulize mapema kama atashika nguruwe. Na asibebe cherehani kutoka nyumbani! Umeme wa Japani ni volti 100, wa kwetu 230, mashine itakoroma tu. Zilizotumika huku ni nyingi na rahisi, Juki na Brother ziko kwao hapa. Vitambaa tunanunua Nippori, mtaa mzima wa Tokyo ni maduka ya vitambaa, mkiona mtalia.

Lakini kabla ya pesa, watu. Sisi tunakutana Jumapili moja kila mwezi, nyumba kwa nyumba. Wapo wa Unguja, wa Mombasa, Wangazija wawili, na yule Mindonesia sasa ni wetu. Tunapika, tunasoma, watoto wanaharibu nyumba ya mwenyeji. Tunacheza mchezo, kila mtu yeni 5,000. Tulimweleza bibi mmoja wa Kijapani anayetufundisha lugha, akacheka, akasema hata kwao ulikuwepo zamani, ukiitwa tanomoshi, na Okinawa mpaka leo watu wanaucheza, wanauita moai. Bibi huyo huyo ndiye aliyetuambia kuwa wanawake wa Kijapani wengi huenda kuzalia kwa mama zao na kukaa huko mwezi au zaidi. Kumbe arobaini wanaijua. Basi tusione haya kuwaeleza kwamba tunaihitaji.

Sasa mwenzetu akizaa tunagawana zamu. Huyu Jumatatu, huyu Jumatano, uji, kufua, kumshika mtoto saa mbili alale. Anayeishi mbali anapiga simu saa tatu asubuhi, saa ambayo mama hapatikani. Si arobaini ya Unguja, hakuna wa kukanda anayejua kukanda, na mmoja wetu aliunguza uji mpaka jirani akafungua mlango. Lakini mtu anaingia, anatazama macho yako, anajua.

Hata ibada ni nyepesi ukiwa na mwenzako. Mwezi wa Disemba maghribi ni saa kumi na nusu jioni, adhuhuri na alasiri zimefuatana kama mapacha. Mwezi wa Juni alfajiri inaingia kabla ya saa tisa usiku. Mwaka wa kwanza tulipotewa na sala tukakaa na majuto kimya kimya, kila mtu akidhani ni yeye peke yake. Siku hizi tunaamshana kwa ujumbe. Si kila msikiti mdogo wa huku una nafasi ya wanawake, kwa hiyo tusipokwenda Kobe, penye msikiti wa kwanza wa nchi hii uliofunguliwa 1935, au Tokyo Camii, tunasalia sebuleni.

Waume wetu wengine mwanzo waliona tunakutana kusengenya. Hatukatai, kidogo tunasengenya. Lakini yule wa yadi ya magari, aliyeliruka swali la kumi, ndiye sasa anayewaleta watoto kwa gari, na mgeni yeyote anayefika na mke mpya anamwambia kwanza achukue namba zetu.

Mwezi ujao anakuja mwali kutoka Pemba. Mamake alitupigia juzi akauliza tena kuhusu makoti. Tukamwomba atupe namba ya binti, si ya mkwewe, na tarehe ya ndege. Wawili wetu watakwenda Narita kumpokea na chapati. Makoti yapo manne ya kuazimana, moja linavuja manyoya, lile asipewe.