Kifua chetu hakina kosa, tuongee juu ya sutieni

Dada zangu wa Goma, na ninyi ndugu wanaume (musikimbie, hii inawahusu pia),

Kama unataka kujua sutieni yako iko sawa ao hapana, panda moto asubuhi na uingie ndani ya avenyu za Mabanga, kule lami haijawahi kufika. Mawe ya volkano haina huruma. Motari naye hapunguzi mwendo, ana wateja wengine wanamungoja. Angalia sasa wadada kwenye moto zingine: mkono moja imeshika chuma ya nyuma, ingine imekunjwa juu ya kifua. Tunajifanya kama ni baridi. Si baridi. Ni maziwa inaruka na inauma, na hakuna mtu alitufundisha kama inaweza kuwa vingine.

Leo naandika juu ya ile jambo. Najua kuko wenye watasema: muko na vita, maji haipatikane, kazi hakuna, na huyu anatuletea mambo ya sutieni! Nimesikia. Lakini musome mpaka mwisho, halafu museme kama haiko mambo ya raia.

Nilikuwa na miaka 12 wakati shemizi yangu nyeupe ya masomo ilikataa kufunga. Jupe ya bluu ilinienea vizuri, lakini kifungo ya tatu ya shemizi ilikuwa inatoka kila mara nikinyoosha mkono kujibu. Mara ya kwanza darasa ilicheka. Mara ya pili mwalimu aliniambia nije na pini. Mara ya tatu sikunyoosha tena mkono. Mpaka namaliza masomo sikunyoosha mkono, ata kwa maswali yenye nilikuwa najua jibu yake. Mama alininunulia shemizi kubwa zaidi, ikawa inaning'inia mabegani kama ya kaka yangu, na wakanipa jina lenye siwezi kuandika hapa.

Rafiki yangu tuliyekaa naye banki moja alikuwa na shida ya upande ingine. Yeye walimuita ubao. Alikuwa anaweka soksi ndani ya sutieni, na siku moja soksi ikatoka wakati wa mazoezi mbele ya wote. Hakurudi kucheza tena. Mimi nikimuonea wivu, yeye akinionea wivu, na siye wawili tulikuwa tunaogopa kitu moja: vinywa vya watu.

Kwa lugha yetu kifua cha mwanamke tunakiitaka maziwa, sawa na ziwa. Wa pwani wanasemaka matiti. Napenda ile ya kwetu. Ziwa Kivu hakuna mtu anaiuliza juu ya nini iko kubwa.

Siku moja tulikuwa tumetoka kwa amani, tukiimba, na gesi ikapigwa. Wote wakakimbia. Mimi nilikuwa na sutieni ya kuchoka, elastiki ilikuwa imekufa, nikakimbia na mikono miwili kwenye kifua. Mtu mwenye mikono kwenye kifua hawezi kujikinga macho, hawezi kuruka mtaro, hawezi kumshika mwenzake aliyeanguka. Nilifika nyumbani, na sikulia juu ya gesi. Wiki iliyofuata walipoita tena, nilisema ninaumwa. Nilikuwa ninaogopa kukimbia mbele ya watu. Tangu ile siku nimeuliza wadada wengine polepole, na siko peke yangu: mmoja aliacha basketi, mwingine hapandi moto tena, mwingine hawezi kusimama kuongea ndani ya mkutano kama hajavaa koti. Munauliza kila mara wabinti wako wapi? Wengine njo kule wako.

Sasa twende soko.

Sutieni kwetu iko ya namna mbili. Kuko ya balo, yenye ilivaliwa Ulaya ao Amerika, na kuko mpya ya China, yenye sponji ndani. Ya balo inamwagwa juu ya meza ao juu ya hema chini, na siye tunainama tunachambua. Huwezi kuijaribu. Unaweka juu ya nguo, unakadiria kwa macho, na nyuma yako kuko kijana anauza chaja za simu na anatoa maoni yake. Mpya inaonekana nzuri, lakini mara mingi imeandikwa namba tu, bila herufi. Na hapa njo shida yote inaanzia.

Nilikuwa najua namba yangu ni 90, kwa sababu sutieni moja ya balo yenye ilinienea vizuri ilikuwa 90. Nikanunua mpya ya 90. Ikazunguka mwili kama kamba ya mbuzi. Nikarudi kwa mama muuzaji, akaniambia: “Mtoto wangu, ni wewe umekonda.” Miaka mingi niliamini kama ni mwili wangu wenye hauna mpangilio. Kumbe ile ya balo ilitoka Ufaransa ao Ubelgiji. Kwao 90 ni sawa na 75 ya Wajerumani, na sawa na 34 ya Waingereza na Waamerika. Mpya ya China mara mingi inafuata namba ya Kijerumani, njo maana unaona wameandika 34/75, 36/80, 38/85. Kwa hiyo 90 ya Mfaransa ni 34, na 90 ya China ni 40. Namba moja, miili miwili tofauti kabisa, na zote ziko juu ya meza moja Birere!

Herufi nayo ina kazi yake. Namba inapima mbavu, herufi inapima maziwa. Zile herufi A, B, C, D zilianza Amerika kwenye miaka ya 1930, kabla ya pale wanawake walikuwa wanakadiria kama siye leo. Sutieni yenye haina herufi ni kama kiatu kimeandikwa “kirefu” bila kusema ni kirefu namna gani.

Kamata mita ya fundi. Pima chini ya maziwa, pale mkanda unakaa, ukaze kidogo. Mimi nilipata sentimeta 76, maana yake 75 ya Ujerumani, 90 ya Ufaransa, 34 ya Uingereza. Halafu pima pale kifua kimejaa zaidi, bila kukaza. Nilipata 95. Toa moja kwa ingine: 19. Karibu 13 ni A, 15 ni B, 17 ni C, 19 ni D, unaendelea hivyo. Niko 75D, karibu 34D. Na miaka yote nilikuwa navaa 38 bila herufi, mkanda unapanda mpaka shingoni, kamba zinakata mabega, na mgongo unauma kila jioni. Tena nilikuwa nadhani ni bidoni za maji njo zinaniuma. Zinauma, ndiyo. Lakini kubeba bidoni ya litre 20 na uzito ingine yenye inaning'inia kwa mabega si sawa na kuibeba wakati mkanda wa mbavu unafanya kazi yake. Mkanda njo unapaswa kubeba. Kamba ni za kusaidia tu.

Kitu ingine, kwa wenye wanachambua balo: kama hupati yako kamili, chukua yenye kikombe kimekuenea na mkanda ni mkubwa. Fundi anaweza kupunguza mkanda kwa dakika chache. Kikombe kidogo hakuna fundi ataweza kukiongeza.

Na fundi wetu wanaweza mengi. Mupeleke kitenge kwa fundi wa Mabanga, ata sanaa yake iko ndani ya kibanda ya mbao, atapima kifua, ataweka pensi pande mbili, na libaya itakukaa kama ngozi. Ndani ya libaya sijawahi kuona aibu ya kifua changu. Ni nguo moja yenye mtu alinipima kwanza. Zingine zote zilishonwa kwa mtu mwingine, mbali, na mimi njo nililazimishwa kuwa mtu ule.

Serikali nazo zinakumbukaka sutieni wakati wa kukataza. Ghana ilikataza nguo za ndani za mitumba mwaka 1994, Zimbabwe mwaka 2011, na Tanzania shirika lao la viwango linazikamata sokoni mpaka leo. Wanasema ni usafi, na kwa chupi nakubaliana nao bila mjadala. Lakini sutieni inachemshwa, inaanikwa jua, inaisha. Ukiikataza, mwenye 34G atavaa nini? Ile mpya ya sponji inaishia kwa wembamba. Rwanda hapa jirani haikukataza, ilipandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016, kutoka dola 0.20 mpaka 2.50 kwa kilo, na matokeo yake tuliyaona kwenye Petite Barrière: wamama wakivuka wamevaa nguo juu ya nguo, wanenepa kwa dakika kumi. Hakuna sheria moja kati ya hizi yenye nimesikia ilianza kwa kuuliza mwanamke ni namba gani.

Musidhani kwa wazungu iko rahisi. Uingereza, duka kubwa la Marks & Spencer lilikuwa linaongeza paundi 2 kwa bei ya sutieni zote kuanzia DD. Yaani ukiwa na kifua kikubwa unalipa faini. Mwanamke mmoja, Beckie Williams, akaanzisha kikundi kwenye Facebook mwaka 2008. Duka likamjibu kama sutieni kubwa inaomba kazi zaidi. Maelfu wakaingia ndani ya kikundi. Akanunua hisa moja ya kampuni, moja tu, ili apate haki ya kuongea ndani ya mkutano wa wenye hisa. Mwezi wa tano 2009, kabla ya mkutano, duka likaondoa ile paundi 2 na kuomba radhi ndani ya magazeti. Siye wa Goma tunajua ile njia: kikundi kidogo, swali moja, kukataa kunyamaza. Walicheka nao pia, waliambiwa kuko mambo makubwa zaidi.

Kwa hiyo naomba. Mama zetu wauzaji, mukifungua balo, mutenge kwa namba na herufi ata kwa mafungu matatu tu, na mutundike kitenge moja pembeni ili mtu ajaribu. Mutauza zaidi, mimi nawaambia. Masomo, shemizi ya msichana wa miaka 13 haiko shemizi ya kijana. Kifungo kikitoka, mwenye kosa ni shemizi. Wenye wanagawa vifurushi kwa waliokimbia vita, muulize namba kabla ya kufunga mfuko. Na ninyi vijana wa kona, wa chaja na wa moto, mwenye anaandika hapa ni dada yenu, na anasikiaka kila kitu munasema.

Tena tangu mabanki ya Goma yalifunga mwezi wa kwanza 2025, sutieni njo imekuwa banki ya mama. Franga, dola, jeton, ufunguo, karatasi ya mtoto ya hospitali, yote iko mule. Kitu chenye kinabeba nyumba nzima, tunakinunua kwa macho!

Mita yangu niliinunua franga 1,000. Jumapili nilipima mdogo wangu, ana miaka 13, na rafiki zake wawili wakaja kuangalia, halafu nao wakaomba. Tulifunga mlango, tukacheka sana, nikaandika namba ya kila mmoja nyuma ya kaye yake. Mdogo wangu ni 70B. Shemizi yake iko kwa fundi, ataichukua siku ya nne.