MTANDAO WA VIJIJINI NI HAKI, SI HISANI



Kila kampeni ya uchaguzi inapofika, watu wa Runazi na wa kata jirani huahidiwa mnara wa simu, nao hupiga makofi na vigelegele. Sisi tunaona kwamba makofi hayo yametosha. Hakuna amshangiliaye mdeni kwa sababu tu ameahidi kulipa.

Serikali imezihamishia huduma zake katika mtandao. Aombaye mkopo wa elimu ya juu huomba huko. Atafutaye ajira serikalini huomba huko. Tangu msimu wa 2022/23 hata mbolea ya ruzuku humfikia mkulima aliyeandikishwa katika mfumo wa kompyuta. Hatuupingi utaratibu huo, maana umepunguza rushwa ndogondogo za dirishani. Lakini ofisi ya umma ikihamishiwa mahali pasipofikika, aliyeachwa nyuma amenyimwa haki yake, hata kama hakuna aliyemfukuza mlangoni. Kijana wa kigangoni asiye na mtandao hupanda pikipiki hadi Biharamulo mjini, hulipa nauli, humlipa mwenye steshenari, na mfumo ukigoma siku hiyo hurudi kesho kwa nauli nyingine. Mwenzake wa Dar es Salaam humaliza yote akiwa kitandani. Wote wawili ni raia wa nchi moja, na siku ya mwisho ya maombi ni ile ile.

Twaambiwa kwamba makampuni hayawezi kujenga penye wateja wachache kwa sababu yatapata hasara. Hoja hiyo ilikwisha kujibiwa na Bunge lenyewe. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa ajili ya maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara, na makampuni yenye leseni huuchangia kutokana na mapato yao. Mapato hayo yatoka wapi, kama si katika vocha anazonunua hata mama muuza maharage wa Nyakahura? Tarehe 13 Mei 2023, mjini Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Tunaipongeza hatua hiyo. Tunachodai ni hesabu yake, kijiji kwa kijiji.

Tena, mnara peke yake si huduma. Utepe hukatwa, picha hupigwa, wageni hula na kuondoka. Kisha umeme au mafuta ya jenereta yakikosekana, mnara hubaki kuwa kituo cha ndege. Na mnara wa kizazi cha pili hubeba sauti na ujumbe mfupi. Fomu yenye viambatisho huushinda. Wakubwa wanalijua hilo, kwani mikataba ile ile ya 2023 ilihusu pia kuiongezea nguvu minara 304 iliyokuwa imekwisha kujengwa.

Wala tusidanganywe kwamba Kagera iko mbali mno. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, umefikishwa Rusumo na Kabanga, wilayani Ngara, kuwaunganisha jirani zetu wa Rwanda na Burundi. Hatuwaonei kijicho. Twauliza tu inakuwaje maji yapite shambani kwetu na mahindi yetu yakauke.

Kanisa halikukaa kimya juu ya jambo hili. Mwezi Februari 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii, katika hati yake juu ya maadili ya intaneti, lilionya kwamba pengo kati ya wenye mtandao na wasio nao ni ubaguzi unaowatenga maskini.

Basi, viongozi wa walei na wa jumuiya ndogo ndogo, mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Nendeni, mkaombe maswali haya yaandikwe katika muhtasari: Je, kijiji chetu kimo katika orodha ya Mfuko? Mnara wetu ni wa kizazi gani, na ukizimika nani huwajibika, kwa muda gani? Muhtasari huo upelekwe kwa diwani, na nakala yake iletwe parokiani.