Mfungaji Asiondoke Kimya: Neno kwa Klabu za Lushoto

Kila ligi inapofika ukingoni, huku milimani yupo mshambuliaji anayetundika daluga na hakuna anayetamka neno. Amefunga miaka nenda miaka rudi katika ligi ya wilaya, pengine na ya mkoa. Soni wanamjua, Mlalo wanamjua, mabeki wa Bumbuli walikuwa wakigombana nani amkabe. Muulize mwenyekiti wa klabu yake mtu huyu amefunga mabao mangapi, utajibiwa, "Mengi sana." Mengi sana si hesabu. Nasema bila kuuma maneno kwamba hiyo ni dhuluma, na wanaoifanya si watu wa Dar es Salaam. Ni sisi wenyewe.

Tazameni ya wakubwa yalivyohifadhika. Mabao 26 ya Mohamed Hussein "Mmachinga" alipokuwa Yanga mwaka 1999 hutajwa hadi leo kila mshambuliaji wa Ligi Kuu anapoikaribia ishirini. Abdallah Kibadeni alifunga matatu siku Simba ilipoichapa Yanga 6-0 mwaka 1977, na watoto wa shule ya msingi wanayasimulia kana kwamba walikuwapo. Peter Tino alifunga moja tu pale Ndola mwaka 1979, likatupeleka fainali za Afrika nchini Nigeria mwaka uliofuata. Mabao hayo hayakujitunza. Yalitangazwa redioni, yakaandikwa magazetini, na wazee wakayarithisha.

Wapo watakaosema kwamba daraja la chini halina cha kuandikwa. Mimi huwajibu kwa mfano wa Amissi Tambwe. Mrundi huyo alitoka Vital'O akaja Simba mwaka 2013, na msimu wake wa kwanza akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 19. Desemba 2014 Simba wakamwacha. Yanga wakamwokota papo hapo, na msimu wa 2015/16 akawa tena mfungaji bora kwa mabao 21. Sasa, umri uliposogea, mtu wa sifa hizo hakuona haya kushuka ngazi. Msimu wa 2021/22 aliivaa jezi ya DTB katika Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, na timu hiyo ikapanda, ikaitwa Singida Big Stars. Kichwa kile kile kilichowatesa makipa wa Ligi Kuu kilitumika huko chini, na hakuna aliyepungukiwa heshima. Namtaja kwa sababu vijana wetu wamefundishwa kwamba mchezaji akishuka daraja amekwisha. Si kweli. Penye goli na kipa pana kazi ya mshambuliaji, na kazi hiyo inastahili kuhesabiwa popote ifanyikapo.

Uingereza wamelijua hilo zamani. Jamie Vardy alipokuwa Fleetwood Town, timu ya daraja la tano wakati huo, alifunga mabao 31 ya ligi msimu wa 2011/12. Leicester City wakaisoma hesabu hiyo, wakamnunua kwa pauni milioni moja, na mwaka 2016 wakawa mabingwa wa nchi. Alipowaaga mwaka 2025, kila shabiki aliyekuwa uwanjani alijua kwamba ile ni mechi yake ya 500 na bao alilofunga siku hiyo ni la 200. Lakini jambo linalotuhusu sisi ni lile la mwanzo: kwamba hata daraja la tano alikuwapo mtu aliyeketi akaandika. Kijana wa Mtae akienda majaribio Tanga mjini, kocha humuuliza alifunga mangapi msimu uliopita. Hana karatasi. Ana maneno matupu, na maneno matupu kila mtu anayo.

Nitaambiwa klabu zetu ni maskini: jezi ni za kuazima, uwanja umechongwa mlimani na mpira ukitoka nje unateremka hadi kwenye migomba ya watu, nauli ya kushuka Mombo ni ya kuchangishana sokoni baada ya kuuza karoti na kabichi. Yote ni kweli. Lakini daftari na kalamu haviizidi bei ya chai ya timu, na klabu iliyoweza kumlisha mchezaji haiwezi kushindwa kuandika jina lake, tarehe, mpinzani na dakika. Umaskini hauandiki wala haukatazi kuandika. Huu ni uvivu, tuuache.

Nawe mfungaji mkongwe, una wajibu wako. Usisubiri kuwekwa benchi ndipo ukasirike uondoke. Sema mapema, ligi ikianza: huu ni msimu wangu wa mwisho. Ukishasema, mchukue kijana mmoja, ukae naye mazoezini. Mfundishe kumtangulia beki kwenye nguzo ya kwanza, kuufuata mpira kipa anapoutema, kuupima unavyodunda kwenye uwanja wetu wa mteremko wakati wa ukungu. Mambo hayo hakuna kozi inayoyafundisha. Umeyapata kwa kuanguka na kuinuka. Mkulima wa viazi wa Shume hali mbegu yote, na wewe usiondoke na ujuzi wote kichwani. Ukifunga mabao machache msimu huo kwa sababu ulimwachia kijana nafasi, hujapoteza kitu.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee. Kutunzwa si lazima iwe pesa. Siku ya mechi yake ya mwisho asimame katikati ya uwanja, mzee wa klabu asome hesabu yake bao kwa bao, mama yake na watoto wake wasikie. Chama cha soka cha wilaya nacho kinaweza kuagiza kwamba taarifa ya kila mechi itaje wafungaji kwa majina kamili, na nakala zitunzwe ofisini.

Wenyeviti na makatibu wa klabu za Lushoto, nawasihi: kabla ya mechi ijayo nunueni daftari, mchagueni mtu mmoja mwaminifu wa kuliandika, kisha mwiteni mfungaji wenu mkongwe pamoja na wenzake wa zamani, wakumbushane mabao waliyoyaona kwa macho yao, yaandikwe wakiwa bado hai.