Mama anahesabiwa kopo ya unga, mukubwa hahesabiwi parseli



Kama uko unasoma hii ukikaa chini ya parasoli, unauza unite ili jioni kupatikane ya bugali, ujue kitu kimoja: mu mahesabu ya dunia, wewe hauko shomeri. Kanuni ya kimataifa ya takwimu za kazi inasema hivi: mutu aliyefanya kazi ya kumuingizia kitu, hata saa moja tu mu wiki nzima, huyo iko na kazi. Saa moja! Diploma yako imelala mu valizi, lakini mu kompyuta ya watu uko mufanyakazi. Na sisi pia tuko nawe mu hiyo liste.

Kuko watu wanatuambia: «Mambo ya takwimu iache kwa maprofesa, ninyi museme juu ya maji na barabara.» Hapana. Barabara, maji, masomo ya watoto, msaada unaotoka inje, vyote vinakatwa kufuatana na namba. Mwenye kushika namba ndiye anashika kisu na nyama.

Mu dunia kuko maghala ya takwimu juu ya mapato na mali ya nyumba za watu. Moja iko Luxembourg, inaitwa LIS, ilianza 1983. Kazi yake ni kukamata uchunguzi ambao kila inchi ilifanya kwa namna yake, halafu kuupima wote na kilo moja, ili mapato ya nyumba ya Ujerumani na ya Meksiko yaweze kulinganishwa. Kisha wakaongeza ghala ingine ya mali: nyumba, akiba, madeni. Hiyo ya mali, karibu inchi zote zilizomo ni tajiri. Banki ya Dunia nayo iko na ghala yake juu ya umaskini, na humo Kongo imo.

Sisi hatuna neno na kilo moja. Mwenye kununua sokoni anajua faida ya kilo isiyoibiwa. Lakini hata kilo ikiwa muzuri namna gani, kama gunia iko tupu, itapima nini?

Tuangalie gunia yetu. Mara ya mwisho raia wote wa hii inchi walihesabiwa ilikuwa 1984. Tulikuwa tungali Zaire. Wazazi wetu wengi walikuwa watoto wa masomo ya musingi. Tangu pale, kila serikali inaahidi hesabu ingine, na kila serikali inaondoka bila kuifanya. Uchunguzi mikubwa juu ya maisha ya nyumba, ile inayotumika mu ghala ya Banki ya Dunia, iko mitatu tu: 2004-2005, 2012 na 2020. Mitatu, mu miaka makumi mbili, kwa inchi kubwa kama hii.

Sasa utauliza: mbona kila mwaka tunasikia namba mupya? Kwa mwaka 2024 Banki ya Dunia iliandika kama Wakongomani 73,5% wanaishi na chini ya dolari 2,15 kwa siku. Hakuna mutu aliyepita mu nyumba zetu 2024 kutuuliza. Wanakamata uchunguzi wa zamani, wanausukuma mbele kufuatana na uchumi wa inchi unavyokomaa. Na uchumi wetu unakomaa na nini? Na shaba na kobalti. Malori ikitoka Kolwezi na Likasi imejaa, namba ya uchumi inapanda, na kompyuta inaandika kama mu nyumba ya mama muuza ndagala kumeingia kitu kidogo. Yeye mwenyewe hana habari.

Na huku Kivu? Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23. Banki zikafunga milango, feza ya watu ikabaki ndani. Februari, kambi za wakimbizi pembeni ya mji zikavunjwa. Familia iliyokuwa chini ya shitingi, leo inaandikwa wapi? Mapato yake ni gani? Mali yake ni gani, kama si sufuria na godoro iliyobebwa kwa kichwa? Hakuna hesabu inayoweza kukisia hayo ikikaa Washington.

Wamoja kati yetu walishafanya hiyo kazi ya kuuliza watu, siku chache, tablete mukononi. Ni kazi ambayo sisi wenye diploma tunapewa kwa siku kidogo, halafu tunarudi nyumbani. Tunaulizia kopo ya unga, chupa ya mawese, makala, sabuni. Mama mumoja tulimuuliza: «Mama, mwezi uliopita mulitumia ngapi?» Akatuangalia. «Mwanangu, hapa hakuna mwezi. Kuko leo.» Tablete ilitaka mwezi. Tulifanya mahesabu pamoja naye, na kadogo kake, na likelemba yake, mupaka tukapata namba. Hakuficha kitu. Hata deni ya chumvi alitutajia.

Sasa tuulize upande ingine. Nani anahesabu mali ya wakubwa? Jibu liko mu Katiba yetu ya 2006, kipengele cha 99. Rais na wote walio mu serikali, mbele ya kuingia kazini na wakitoka, wanapashwa kuandika mali ya familia yao na kuipeleka kwa Korti ya Katiba: makonti ya banki, hisa, nyumba, parseli zisizojengwa, mashamba, hata migodi. Mali ya bibi ao bwana na ya watoto wanaowalisha pia. Mwenye kuingia kazini asipoandika mu siku 30, anahesabiwa kama amejiuzulu.

Muliona? Tuko na uchunguzi wa mali ya nyumba, tayari mu sheria, na maswali yake ni muzuri kupita yale ya tablete yetu. Lakini ile karatasi inatoka Korti inaenda kwa watu wa kodi, basi. Raia haionyeshwi. Mama alifungua sufuria yake mbele yetu. Mukubwa anafunga bahasha.

Kwa hiyo tunaomba vitu vine, na tutavirudilia mupaka vifanyike:

1. Hesabu ya raia wote ifanyike, na tarehe yake itangazwe pamoja na feza yake mu bajeti.
2. Uchunguzi wa maisha ya nyumba ufanyike kwa zamu inayojulikana, na majibu, bila majina ya watu, yafunguliwe kwa kila mutu: mwanafunzi wa Lubumbashi sawa na mutafiti wa Luxembourg.
3. Wakimbizi wa ndani wahesabiwe kule waliko.
4. Mali iliyoandikwa kufuatana na kipengele cha 99 iwekwe wazi.

Na wewe unayesoma: kamata kayee, andika bei ya unga na ya makala mu kartie yako, kila juma, na tarehe. Siku watakuja kutuambia kama maisha imekuwa muzuri, tutawauliza: mulipita nyumba gani?