Mtazame Punda Kinywani Kabla ya Kumpiga

Wafugaji wenzangu wa Malindi na Kilifi, nina neno ambalo huenda wengine wakalicheka: punda huumwa na meno kama mtu. Tofauti ni kwamba yeye hawezi kusema. Hukonda, hulegea, kisha hupigwa fimbo kwa uvivu asiokuwa nao.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimekosa. Baba yangu mdogo kule Bamba alikuwa na punda jike, ambaye kila siku ya kiangazi alileta madumu manne ya maji kutoka bwawani. Dumu moja ni lita 20, basi mzigo wake ulikuwa kilo 80. Punda yule akaanza kukonda. Tulimpa dawa ya minyoo, hakunenepa. Tukawagombeza watoto kwamba hawamlishi. Mwisho tukampiga, na mimi, karani wa ofisi ya kilimo niliyesomea ualimu, niliishika fimbo hiyo.

Siku moja daktari wa mifugo alipita kuchanja mbuzi. Akaokota chini mabonge ya nyasi zilizotafunwa nusu, akauliza, "Haya yametoka wapi?" Hatukuwa na jibu. Alipomfungua punda kinywa kwa chombo chake, tuliona magego makali kama kisu, na ndani ya mashavu mna vidonda. Mnyama alikuwa akifa njaa na nyasi zi kinywani.

Jambo hili lina sababu yake. Ng'ombe na mbuzi hucheua, wakatafuna chakula mara ya pili. Punda hacheui. Asichokisaga vizuri mara ya kwanza hakimpi nguvu, na chaweza kumfunga tumbo. Kwa hiyo magego yake huchomoza kidogo kidogo, kama milimita 2 au 3 kwa mwaka, kufidia yanavyolika. Lakini taya la juu ni pana kuliko la chini. Kingo za nje za magego ya juu, na kingo za ndani za magego ya chini, hazisagani sawasawa, basi hubaki zimechongoka. Za juu hukata shavu, za chini hukata ulimi. Tena jino moja likitoka, lile linalolielekea hurefuka, maana halina la kusagana nalo.

Dalili zake ni hizi: punda hula polepole, hudondosha mabonge ya nyasi, hutoa harufu mbaya kinywani, huvimba taya, au mavi yake huwa na nyasi ndefu. Waweza pia kumpapasa mashavu kwa nje, penye safu ya magego ya juu. Akishtuka na kuvuta kichwa, mwite daktari. Usitie mkono kinywani, na usikubali fundi yeyote avunje jino kwa koleo au nyundo. Jino hupasuka, ufizi huoza, na jeraha laweza kuingiza pepopunda. Daktari hutumia tupa maalumu, akasawazisha zile kingo kali.

Najua wengine watasema, "Sisi wenyewe hatuna mganga wa meno, seuze punda?" Neno hili lina uchungu wa kweli, wala silidharau. Lakini hebu fikiri, punda wako akianguka, ni nani atakayebeba maji kesho? Ni mkeo na binti yako, kwa kichwa, na binti huyo atachelewa shule. Twapenda kusema, "Punda afe mzigo ufike." Akifa leo, mzigo wa kesho haufiki.

Jirani zetu wa Lamu walipata zahanati ya punda mwaka 1987, iliyofunguliwa na The Donkey Sanctuary ya Uingereza. Sisi tusikae kungoja wageni. Rai yangu ni hii: kila kijiji kichague siku moja kwa mwaka, wenye punda wakutane penye kisima au josho, wachange gharama, wamwite daktari wa mifugo kwa pamoja. Safari moja ya daktari kwa punda 20 ni nafuu kuliko safari 20. Punda mzee atazamwe mara mbili kwa mwaka, na apewe nyasi laini zilizokatwa fupi na pumba zilizolowekwa.

Punda wa baba mdogo alipigwa tupa siku ile ile. Miezi michache baadaye mbavu zake hazikuonekana tena, akarudi kazini. Fimbo yetu haikumponya. Punda akitunzwa aweza kuishi miaka 30 na zaidi. Basi, msomaji, jioni ya leo ukimfungua mizigo punda wako, tazama chini anapolia. Ukiona mabonge ya nyasi, weka fimbo chini.